Lisansi mbili ndani ya nyumba moja: nani anaweza kuingia doktora ya uhandisi?

Ndani ya parseli moja ya kata Ngezi, hapa Bunia, ndugu wawili wanachunga diploma zao ndani ya valizi moja ya mama yao. Juu ya karatasi zote mbili kumeandikwa neno moja: lisansi. Yaya alimaliza masomo ya umeme mwaka 2013 huko Goma. Mdogo wake alimaliza ujenzi juzi tu, ndani ya mpango mpya wa masomo. Mwaka uliopita wote wawili walituma ombi la doktora ya uhandisi kwenye chuo kikuu kimoja cha nchi jirani. Walijaza fomu usiku mmoja, meza moja, taa moja ya sola, intaneti ya simu moja. Yaya aliombwa karatasi zaidi. Mdogo alikataliwa kwa mstari mmoja tu: hana masta.

Papa yao ndiye alinisimamisha njiani juu ya kuuliza. Huyu mzee aliuza kipande cha parseli juu ya masomo ya hawa watoto wawili, na sasa anataka kujua namna gani lisansi moja inasukuma mlango kidogo na lisansi nyingine inafungiwa kabisa. Alifikiri labda kuna mtu alitoa kitu kidogo chini ya meza. Nilimwambia nitafuata hiyo habari, na hapa chini ni yale niliyopata. Ninaandika kwa wengi, kwani hapa Bunia vijana wenye kuuliza swali hilo ni wengi, na wengine wamekwisha kulipa pesa mbele ya kuuliza.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Docteur wa hospitali, yule tunayempelekea mtoto mwenye malaria, amesoma udaktari wa kutibu. Doktora tunayozungumzia hapa ni kitu kingine: ni cheo cha juu kabisa cha masomo, kinachotolewa kwa mtu aliyefanya utafiti, akaandika kitabu chake (wanakiita teze), akakitetea mbele ya maprofesa. Mtu anaweza kuwa docteur wa umeme na asijue hata kupiga sindano.

Neno moja, hesabu mbili

Kwa miaka mingi Kongo ilifuata mpango tuliouzoea: gradua miaka mitatu, kisha lisansi miaka miwili. Mwanafunzi alisema niko G2, niko L1, na kila mtu kwenye kata alielewa. Jumla ilikuwa miaka mitano kisha diploma ya Serikali. Lisansi ya yaya ni ya aina hiyo. Nyuma yake kuna miaka mitano, TFC moja ya mwisho wa gradua na memuari moja ya mwisho wa lisansi.

Mwaka 1999, kwenye mji wa Bologna, Italia, mawaziri wa nchi nyingi za Ulaya walikubaliana kupanga masomo ya juu kwa ngazi zinazofanana. Ubelgiji iliingia, na sisi ambao vyuo vyetu vilizaliwa na vya Ubelgiji tukafuata polepole. Sheria namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, ile ya elimu ya taifa, ilileta mpango wa LMD: lisansi, masta, doktora. Vyuo vichache vilianza mapema. Lakini ni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022 ndipo wizara ilisukuma vyuo vyote kuanza na mwaka wa kwanza.

Ndani ya LMD watu wanahesabu kwa kredi. Mwaka mmoja ni kredi 60. Lisansi ni miaka mitatu, kredi 180. Masta ni miaka miwili, kredi 120. Ukijumlisha hizo mbili unapata miaka mitano na kredi 300, na hapo ndipo mlango wa doktora unaanza kuonekana.

Sasa mzee wa Ngezi ataona shida iko wapi. Lisansi ya mtoto wake mkubwa ni miaka mitano. Lisansi ya mtoto wake mdogo ni miaka mitatu. Kwa hesabu ya miaka, lisansi ya mdogo inakaa karibu na gradua ya yaya, na lisansi ya yaya inakaa karibu na masta ambayo mdogo hajaanza. Hakuna aliyepokea bahasha. Ni neno tu limebaki lilelile wakati vitu vilivyo ndani yake vimebadilika, na hakuna aliyepita kata kwa kata kuwaeleza wazazi.

Lakini yaya pia asicheke haraka. Ndani ya nchi yetu, lisansi ya zamani haikumtoa mtu moja kwa moja kwenye teze. Katikati kulikuwa na ngazi nyingine, DEA ao DES kulingana na fakulte, masomo ya kumwandaa mtu kufanya utafiti, na kwa kawaida yalikula miaka miwili ao zaidi. Ndiyo maana kwenye vyuo vyetu unakuta asistanti mwenye mvi. Aliingia kazi na distinction yake, akapanda kuwa shefu wa travo, kisha miaka kumi na tano inapita anafundisha asubuhi na jioni, na doktora bado iko mbali, kwani bila doktora huwezi kuitwa profesa asosiye. Nchi ya jirani ilipomwomba yaya karatasi zaidi, ilikuwa inauliza jambo hilohilo kwa adabu: hii lisansi yako ya miaka mitano tuihesabu kama nini?

Enjeniere gani?

Neno la pili linaloleta vurugu ni enjeniere. Hapa Bunia kila anayeshika plani ya nyumba anaitwa hivyo, na mtu akikuita hivyo kwenye shantie unajisikia vizuri. Lakini mbele ya doktora enjeniere si mmoja.

Kuna waliotoka kwenye vyuo vya ufundi vya juu, sawa vile ISTA ao INBTP ya Kinshasa. Katika mpango wa zamani, aliyemaliza miaka mitatu huko alitoka enjeniere tekinisia, ngazi ya A1. Aliyeendelea miaka miwili mingine alifika A0. Kuna pia waliotoka politekniki za chuo kikuu, sawa vile ya Kinshasa na ya Lubumbashi, ambako kwa uchache ni miaka mitano ya hesabu ngumu, na mtu alitoka na cheo cha ingénieur civil. A1 ni fundi mkubwa, na mara nyingi kazini anamshinda mwenye miaka mitano. Hilo nimeliona kwa macho. Lakini A1 peke yake haifungui doktora mahali popote ninapopajua. Inabidi kwanza apande hadi ngazi ya masta.

Na hapa kuna mtego ambao umewapata wengi wanaovuka mpaka. Kwetu, ingénieur civil haina maana ya mtu wa madaraja na nyumba. Neno civil lilikuja zamani kutofautisha enjeniere wa raia na yule wa jeshi. Kwa hiyo kuna ingénieur civil wa umeme, wa mitambo, wa madini. Ukifika Kampala ao Nairobi na diploma hiyo, ukaitafsirisha kwa mtu wa haraka kwenye nyumba ya fotokopi, ataandika kwa Kiingereza neno ambalo kule lina maana moja tu: enjeniere wa ujenzi. Basi wewe mtu wa umeme unaomba doktora ya umeme, na karatasi yako inasema umesoma ujenzi. Ombi linakufa hapo, na huenda hutaambiwa ni juu ya nini. Mtafsiri awe wa kiapo, na wewe mwenyewe usome kazi yake mstari kwa mstari mbele ya kulipa.

Doktora inadai nini zaidi ya diploma

Nilifikiri, kama wengi, kwamba ukikwisha kuwa na masta na pointi nzuri, unaenda kujiandikisha sawa vile mwaka wa kwanza, unapewa oreri na unakaa. Kumbe sivyo. Doktora haina mlango wa peke yako. Inabidi kwanza profesa mmoja akubali kukuongoza. Kwetu anaitwa promotere. Bila promotere, hata mwenye grande distinction anabaki nje.

Na promotere hakubali sura yako wala pointi zako peke yake. Pointi zinaangaliwa, ni kweli: kwetu satisfaction ni kuanzia 50 kwa mia, distinction ni kuanzia 70, na vyuo vingi vinapenda kuona hiyo distinction. Lakini anachokiuliza kwanza ni swali lako la utafiti. Unaandika mradi wa kurasa chache: unataka kujua nini, wengine waliotangulia walipata nini, wewe utapima namna gani, kwa vyombo gani, kwa muda gani, na pesa ya kupima itatoka wapi.

Hapa ndipo vijana wengi wa kwetu wanaanguka, na si juu ya kukosa akili. Wanaandika mradi wa kutengeneza kitu. Mmoja ananiambia doktora yake itakuwa kujenga daraja. Daraja ni kazi nzuri na tunaihitaji, lakini namna ya kulijenga inajulikana tayari, iko ndani ya vitabu. Doktora inataka swali ambalo jibu lake halijulikani bado, na ambalo wewe utalitafuta kwa kupima mpaka maprofesa washindwe kukupinga.

Tuchukue mfano wa tofali za kuchoma, zile tunazojengea hapa Ngezi. Kusema nitafungua kiwanda cha tofali ni biashara. Kusema tofali zetu ni mbaya ni maneno ya njiani. Lakini kuuliza udongo wa bonde la Shari ukichomwa kwa joto gani na kwa muda gani unatoa tofali inayobeba uzito gani, na kuni kiasi gani zinaweza kupunguzwa bila tofali kupoteza nguvu, hilo limeanza kuwa swali. Linahitaji maabara, mashine ya kuvunjia tofali, vipimo mamia, na mtu wa kusimama juu ya hesabu zake.

Ituri ina maswali ya namna hiyo mpaka yanamwagika. Kuna kituo cha umeme cha Budana, kwenye mto Shari, kilichojengwa wakati wa ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto, na mpaka leo jina lake linatajwa kila tukiulizana juu ya nini hakuna umeme: maji ya mto yanabadilika namna gani kati ya kiangazi na mvua, mchanga kiasi gani unaingia kwenye mitambo? Kuna barabara namba 27, kutoka Komanda kupitia Bunia hadi Mahagi, ambayo kila mwenye lori ana hadithi yake juu ya matope: udongo wake unapoteza nguvu namna gani ukishiba maji, na unaweza kuchanganywa na nini cha hapahapa? Kuna zebaki ambayo wachimbaji wanaoshea dhahabu upande wa Mongbwalu, na swali la namna ya kuitenga dhahabu bila kuitia sumu mito. Kuna Ziwa Albert lililopanda na kumeza nyumba za watu kule Kasenyi na Tchomia. Mtoto wa Bunia anayafahamu haya kuliko profesa wa Bruxelles, na hii ni mali yake mbele ya promotere. Mimi ninaamini hivyo kabisa. Shida ni kwamba kupima mto Shari kunadai kufika mtoni, na tangu Mei 2021 tuko chini ya état de siège. Mwenye mradi mzuri anapaswa pia kueleza akishindwa kufika mahali kwa sababu ya usalama atafanya nini. Maprofesa wa nje wanauliza hilo mapema, na wana haki.

Ukikubaliwa, kazi inaanza. Kuna kamati ndogo ya kukufuata, ambayo unaionyesha kila mwaka umefika wapi. Kuna semina. Kuna makala unazopaswa kutoa kwenye majarida ya kisayansi ambapo watu usiowajua wanasoma kazi yako na kuikosoa. Mwisho kuna utetezi. Kwenye desturi tuliyochukua kwa Wabelgiji, mara nyingi ni mara mbili: kwanza faraghani, wewe na jury tu, mlango umefungwa, na hapo ndipo wanakukamua kweli, kisha hadharani, mama yako amevaa vizuri amekaa mstari wa mbele. Miaka mitatu ndiyo inaandikwa kwenye karatasi. Mitano ndiyo unasikia kwa watu, hasa waliokuwa wanafundisha wakati huohuo juu ya kula.

Kwenda wapi ukitokea Bunia

Bunia tuna vyuo: Chuo Kikuu cha Bunia, Université Shalom, ISP na vingine. Vinasaidia watoto wetu wengi. Lakini kwa doktora ya uhandisi, macho ya mtu wa hapa yanaelekea mbali, na kila njia ina ugumu wake.

Ndani ya nchi, ni Kinshasa na Lubumbashi ambako politekniki ni za zamani na maprofesa wapo. Kutoka hapa ni ndege, hakuna mjadala. Faida yake ni lugha na kwamba lisansi yako ya zamani inaeleweka bila kueleza. Uliza kitu kimoja mbele ya yote: je, hiyo fakulte ina ruhusa ya wizara kutoa doktora kwa tawi unalotaka? Si kila chuo kinachobandika tangazo la doktora kina ruhusa.

Uganda ndiyo karibu. Mtu anapita Mahagi na Goli, ao anashuka Kasenyi na kuvuka ziwa mpaka Ntoroko, na kisha basi hadi Kampala. Makerere inachukua wanafunzi wa doktora ya uhandisi wenye masta kutoka chuo kinachotambulika. Unaanza na wazo lako la utafiti, unaingizwa kwanza kwa muda, na unapewa nafasi ya kuandaa mradi kamili. Ukipitishwa, ndipo unakuwa mwanafunzi kamili. Diploma za nje zinalinganishwa na baraza lao la elimu ya juu, na ni kwenye meza hiyo ndipo lisansi ya miaka mitano inahitaji kujieleza. Lugha ni Kiingereza, mwanzo mpaka mwisho. Kile Kiingereza cha sokoni Arua hakitoshi kuandika teze.

Kenya wana sharti ambalo vijana wetu hawalijui: taratibu za tume yao ya vyuo vikuu za mwaka 2014 zinadai mwanafunzi wa doktora awe ametoa angalau makala mbili kwenye majarida yanayopitiwa na wataalamu mbele ya kuvaa joho. Lakini Kenya ndiko pia kuna mlango ambao ningependa watu wa Ituri waujue zaidi. Umoja wa Afrika una chuo chake, Pan African University, na tawi lake la sayansi na teknolojia liko Juja, kwenye chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, karibu na Nairobi. Wanafundisha uhandisi wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo, hadi doktora, na wanaochaguliwa wanalipiwa masomo na kupewa pesa ya kuishi. Wanachukua watoto wa nchi zote za Afrika. Masharti: masta katika tawi linalohusika, pointi nzuri, mradi ulioandikwa vizuri, na umri. Kwa doktora mwanaume asipite miaka 35, mwanamke asipite 40. Hiyo hesabu ya umri inawaumiza watu wetu, kwani vita, migomo ya maprofesa na kukosa pesa vimewafanya wengi kumaliza lisansi wakiwa na miaka 30. Dada zangu mnaosoma hii, angalieni hiyo miaka 40. Ni nafasi yenu.

Tanzania, kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kule Arusha kuna taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa hasa kwa masta na doktora za sayansi na uhandisi.

Kwa Ulaya nitapita haraka. Ubelgiji inayosema Kifaransa inahesabu doktora kwa kredi 180, na 60 kati yake ni mafunzo ya kumjenga mtafiti; nyingine ni utafiti na teze. Maprofesa wengi wa politekniki zetu walipitia huko. Kuna pia mpango wa teze ya vyuo viwili, mmoja wa Kongo na mmoja wa Ubelgiji, promotere huku na promotere kule, ambapo unapima kwako na kuchambua kwao. Kwa mtu mwenye swali la Ituri, huo mpango ninaupenda kuliko mingine. Ujerumani wana cheo chao cha pekee, Dr.-Ing., ambacho vyuo vya ufundi vilipewa haki ya kukitoa mwaka 1899, wakati vyuo vikuu vya zamani vilikuwa bado vinawatazama maenjeniere kama mafundi wa mikono. Huko mtu wa doktora mara nyingi ni mfanyakazi mwenye mshahara kwenye idara ya profesa wake.

Marekani ni tofauti kabisa. Fakulte nyingi za uhandisi kule zinaweza kumchukua hata mwenye shahada ya kwanza tu, lakini anasoma kozi nyingi, anafanya mtihani mkali wa kuthibitisha kama anaweza kuendelea, na akiuanguka anaweza kurudishwa na masta mkononi. Shahada yao ya kwanza ni miaka minne, kwa hiyo lisansi yetu mpya ya miaka mitatu bado inaweza kuuliziwa. Wengi wanaokubaliwa wanalipiwa kwa kazi ya kufundisha ao ya maabara. Hapo tena kuna mtihani wa Kiingereza, na viza, ambayo ni habari ya siku nyingine.

Karatasi, na watu wa karatasi

Kitu kimoja nimekisikia kwa kila mtu aliyefanikiwa: anza na releve, ile karatasi ya pointi za kila mwaka, kuliko diploma yenyewe. Diploma inasema neno lisansi na kunyamaza. Releve ndiyo inaonyesha G1, G2, G3, L1, L2, masomo yote na saa zake. Ni yenyewe inayothibitisha miaka mitano. Ongeza barua ya chuo inayoeleza mpango wa zamani ulikuwa namna gani na pointi zinasomwa vipi, kwani mtu wa Nairobi akiona 68 kwa mia hajui kwamba kwetu hiyo ni karibu na distinction. Kama ulisoma chuo cha binafsi, hakikisha diploma imepita omologasiyo ya wizara. Na ukisoma nje ukarudi, kumbuka kuomba ekivalansi Kinshasa, la sivyo doktora yako itakaa ukutani tu.

Kwa waliosoma Goma na Bukavu kuna ugumu mwingine. Tangu M23 waliingia Goma mwezi Januari 2025 na Bukavu mwezi Februari, safari ya kwenda kutafuta releve si ya kuamua asubuhi. Kiwanja cha ndege cha Goma kilifungwa. Aliye na karatasi zake zote nyumbani azipige picha leo, azitume kwenye barua pepe yake mwenyewe, na asiache asili kwa mtu yeyote.

Kisha kuna wauzaji. Kwenye WhatsApp munawaona: doktora kwa miezi sita, bila kutoka nyumbani, lipa kwa Airtel Money ao M-Pesa. Wengine wanatoa doktora ya heshima kwa yeyote mwenye dola. Uliza mambo matatu tu: promotere ni nani na amefundisha wapi, jury itakuwa ya akina nani, na teze za waliotangulia zinasomwa wapi. Teze ya kweli inawekwa kwenye maktaba, kila mtu anaweza kuifungua. Wakikujibu kwa sauti ya hasira, umekwisha kuelewa.

Na niseme jambo ambalo halitanipatia marafiki. Wengi waliokuja kuniuliza juu ya doktora hawaihitaji. Wanataka kazi nzuri, mshahara, kuheshimiwa kwenye shantie. Kwa hayo masta nzuri na miaka ya kazi inatosha, na hakuna barabara duniani inayomngoja docteur juu ya kutengenezwa. Doktora ni ya mtu anayetaka kufundisha chuo kikuu ao kutafuta mambo mapya. Tunawahitaji hao sana, kwani mtoto wa Ituri akifundishwa uhandisi na mtu anayeijua Budana, atauliza maswali ya Budana. Lakini si lazima awe kila mtoto wa kila nyumba, na si lazima kila parseli ikatwe.

Nilirudi Ngezi kumweleza mzee. Tulikaa chini ya mwembe na nilichora kwenye daftari: mitatu na miwili ya yaya, mitatu peke yake ya mdogo. Aliangalia kwa muda mrefu. Kisha akauliza mdogo anabakiza miaka mingapi. Nikamwambia miwili ya masta, na mitatu ya doktora kwa uchache. Akahesabu kwa vidole, akafika miaka ya mtoto wake siku hiyo, 31, na akauliza tena kuhusu ule mpaka wa 35 wa chuo cha Umoja wa Afrika.

Mdogo amekwisha kuomba nafasi ya masta. Yaya amepata releve nne kati ya tano. Ile ya L1 bado iko Goma, na kuna mtu aliyeahidi kuipitishia upande wa Uganda wiki ijayo.